Mfumo wa Wote Ulivyomtafuta Mtu Wake

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaarifu watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo uliotungwa kwa ajili ya kufundishia, kwamba alikuwa akiunda mfumo wake kwa kujifurahisha, akawauliza wangependa uwe na mambo gani. Swali lile halikumfikia karani wala mwalimu wa shule. Linux ilizaliwa kati ya mafundi, na kwa miaka kadhaa mtumiaji aliyekusudiwa alikuwa yule yule aliyeiunda. Tangu 1992, ilipowekwa chini ya leseni ya GPL, yeyote aliweza kuisoma, kuibadili na kuigawa, kwa hiyo ilidhaniwa kuwa ni ya watu wote. Walakini kutomkataza mtu ni jambo moja, na kumwandalia ni jambo jingine.

Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, ikatangazwa kuwa Linux ya binadamu, na diski zake zikapelekwa bure kwa posta. Jina hilo, ambalo ni ndugu wa neno letu utu, lilichaguliwa vema. Hata hivyo, neno binadamu ni pana mno kumwongoza fundi anayepaswa kuamua ni programu gani ziwemo katika diski moja na zipi ziachwe.

Mradi wa Fedora, ulioanza 2003 kwa msaada wa kampuni ya Red Hat, ulilikabili jambo hili waziwazi. Mwaka wa 2009 Bodi yake iliandika sifa nne za mtu aliyekusudiwa: ameichagua Linux kwa hiari yake, ameizoea kompyuta, yaelekea atashirikiana na wengine, tena ana kazi zake za kawaida za kufanya. Hapo ndipo penye ugumu. Katika kiwanda, bwana huamuru. Katika mradi wa wanaojitolea, kila mtu hushona nguo ya kimo chake, na akisikia kwamba mtu aliyetajwa si yeye, huona kazi yake imedharauliwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana asiyelipwa hana kinachomzuia kuondoka.

Desemba 2014 Fedora ya 21 ilitoka kwa sura tatu: ya wingu, ya seva na ya kituo cha kazi. Swali la nani likagawanywa, na kila sura ikapewa watu wake. Waraka wa kituo cha kazi ulimtaja kwanza mwanafunzi wa uhandisi au elimu ya kompyuta, kisha watunga programu, kuanzia anayejitegemea hadi aliye katika shirika kubwa. Watumiaji wengine hawakufukuzwa. Waliahidiwa kufikiriwa pia, lakini baada ya hao.