Kamera Ndogo ya Safari na Mtaa: Cheki Hizi Kabla Utoe Doo

Unapanga kushuka Lamu ama unataka tu picha kali za mtaa? Kamera kubwa utaichoka siku ya pili. Lakini usirukie ndogo yoyote.

Sensa: Hapa ndipo doo yako inaenda. Canon G7 X na Sony RX100 zina sensa ya inchi 1. Ricoh GR III na Fujifilm X100VI zina APS-C, karibu mara 3 kwa ukubwa. Giza likiingia, hiyo ndiyo itakuokoa.

Lenzi: GR III inaona upana wa 28mm, X100VI 35mm, na lenzi hazitoki. Ziko poa kwa mtaa, lakini simba wa mbali kule Maasai Mara atatokea kama kadoti. RX100 VII inavuta kutoka 24 hadi 200mm, ila jioni inasumbuka. Zumu ya dijitali usihesabu, hiyo ni kukata picha tu.

Ya mtumba: Mulika lenzi na tochi ya simu uone kama ina kuvu, hasa kamera iliyoishi Pwani. Vuta zumu, piga picha kadhaa, kisha uziangalie kwa kadi yako mwenyewe. Itisha risiti na ulinganishe nambari ya siriali. Bei ikiwa ya kutupa na risiti hakuna, jua kuna mse analia mahali. Karao wakiipata kwako, kesi ni yako.

Bajeti ikigoma, tumia simu kwanza. Afadhali ungoje kuliko uchezwe.