Watu wa Pembezoni mwa Kiwanja

Ukimwuliza kijana wa Ilula akueleze historia ya kandanda nchini, atakutajia Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, kisha atanyamaza. Hiyo ni historia ya timu mbili za Dar es Salaam. Mpira wa mchangani, yaani ule usio na ligi wala kiingilio, hauna mwandishi, na katika mpira huo waliosahauliwa kuliko wote ni watazamaji. Nimeona niandike juu yao kwa sababu kwa takriban miaka 30 sasa wamekuwa wakipungua, na wazee wenzangu tunaoketi nao jioni wana jibu moja tu: dishi. Dishi limechangia, sikatai. Lakini jambo hili lina mizizi mirefu zaidi.

Tuanze mbali kidogo. Mpira uliingia Tanganyika kwa njia ya shule za misheni, maofisa wa serikali ya kikoloni na makarani wao. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kiwanda cha sabuni cha Uingereza. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. (Tangu mwanzo, basi, mpira wetu ulikuwa tangazo la biashara ya mtu. Wanaolalamikia matangazo kwenye jezi za leo walikumbuke hilo.) Lakini watu walioujaza ukingo wa kiwanja hawakufundishwa na Waingereza namna ya kutazama. Walikwisha kufundishwa na ngoma. Katika miaka ile ile ngoma ya Beni ilikuwa imetoka pwani na kusambaa bara pamoja na askari na vibarua wa Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa na pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti. Katika mashindano ya namna ile hapakuwa na mtu aliyesimama tu akitazama. Ulikuwa wa upande huu au wa upande ule, uliimba, ulitunza, ulikejeli, na kesho yake mjadala uliendelea kisimani.

Tabia hiyo ndiyo iliyohamia kiwanjani. Mtazamaji wa mpira wa kijijini hakuwa mgeni aliyekuja kuona kitu cha watu wengine. Alikuwa sehemu ya mchezo.

Baada ya Azimio la Arusha mambo yalipata sura mpya. Mwaka 1967 sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa ilipitishwa, na mwaka huo huo Elimu ya Kujitegemea ikatufundisha kwamba shule ni mali ya kijiji. Kisha zikaja operesheni za kuhamia vijijini, ambazo mkoa wetu wa Iringa uliziona kwa nguvu mwaka 1974. Mengi yamesemwa juu ya operesheni zile, na machungu yake yapo. Ila zilituachia kitu kimoja ambacho wanahistoria hawakitaji: mahali watu walipokusanywa palijengwa shule, na mbele ya shule palifyekwa kiwanja. Kiwanja cha shule ndicho kilichokuwa kiwanja cha kijiji. Mpira wenyewe ulifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ulikuwa wa ngozi, wenye kibofu cha ndani na kamba ya kufungia, na ulipopasuka ulipelekwa kwa fundi viatu kama mgonjwa apelekwavyo zahanati. Mwalimu ndiye aliyekuwa refa, naye pia ndiye aliyeandika barua ya mwaliko kwa kijiji jirani, ikapelekwa kwa baiskeli.

Nataka msomaji aelewe jinsi mechi ya namna hiyo ilivyokuwa. Ilichezwa kiangazi, baada ya mahindi kuvunwa, wakati watu wana nafasi na wana kitu mfukoni. Wageni walifika mapema kwa miguu au juu ya lori lililoazimwa, wakalishwa ugali na maharage na wenyeji kabla ya kushindana nao. Kina mama waliokuja na karanga na mahindi ya kuchoma walikaa upande wa goli moja, na waliokuja na ulanzi walisukumwa mbali kidogo, ingawa si mbali vya kutosha. Golikipa alikuwa fundi baiskeli. Mshambuliaji wa kati alikuwa kijana ambaye wiki iliyopita alikuchimbia choo. Ukimzomea, ulimzomea kwa jina la baba yake. Wakati mwingine madereva wa magari makubwa ya barabara ya TANZAM, ambayo lami yake ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliegesha kando na kupanda juu ya mizigo yao kutazama, wakaendelea na safari ya Zambia wakiwa wamekwisha kuchagua upande.

Redio haikuwapunguza watu hao. Hili ndilo linalonifanya nisikubali upesi kwamba chombo chochote kipya ni adui wa kiwanja. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipotangaza mechi za Simba na Yanga, na sauti ya Ahmed Jongo ikatufikia huku milimani, mwenye redio ya betri aliibeba akaja nayo kiwanjani. Alisikiliza Dar es Salaam kwa sikio moja na kutazama Ilula kwa macho mawili. Watoto wakajifunza kutangaza mechi zao za chandimu kwa kumwiga Jongo, wakitaja majina ya wenzao. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilipokuwa bingwa wa Bara, nasi tukasikia kwamba timu kutoka milima ya Rungwe imewashinda wakubwa wa pwani, viwanja vya vijijini vilijaa zaidi.

Televisheni ilikuwa jambo lingine. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya watu binafsi vilianza mwaka 1994, na madishi ya kulipia yalifuata. Wakati huo Ligi Kuu ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilikuwa inatafuta wanunuzi dunia nzima. Ndipo vikaota vibanda umiza: chumba cha mabati au maturubai, mabenchi ya mbao, jasho, na luninga moja mbele. Kijana aliyekuwa hana senti ya kuchangia mpira wa timu yake alilipa kila Jumamosi kuona Arsenal na Manchester United.

Hapo ndipo ninapowaomba wenzangu wafikiri vizuri. Mechi ya kijijini ilikuwa bure. Kibanda kilitoza. Watu wakaacha cha bure wakaenda kulipia. Kwa hiyo haiwezekani kabisa kwamba tatizo lilikuwa fedha, na wale wanaodhani kwamba watazamaji watarudi kwa kugawiwa soda hawajaisoma historia hii.

Sababu moja ni saa. Mechi ya Uingereza inayoanza saa 9 alasiri kwao, kwetu ni saa 11 jioni wakati wa majira yao ya joto, na saa 12 wakati wa baridi yao. Tangu Agosti hadi Oktoba, ndiyo kusema katika kiangazi chetu chenye fedha za mavuno, mechi yao inaanza wakati mechi yetu ya saa 10 ikiwa mapumzikoni au mwanzoni mwa kipindi cha pili. Na hapo nimesema saa 10 kwa heshima tu. Mechi iliyotangazwa saa 10 huku kwetu huanza saa 11, kwa kuwa jezi hazijafika au refa yuko shambani, na humalizika gizani. Kibandani, mpira huanza kwa dakika iliyotajwa. Mtu mwenye kazi zake anajua lini aende na lini arudi.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Waingereza wenyewe hawaruhusu mechi zao za Jumamosi saa 9 alasiri zionyeshwe moja kwa moja nchini mwao. Tangu miaka ya 1960, kwa ushawishi wa Bob Lord, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya Burnley, waliweka utaratibu kwamba kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni luninga zinyamaze, ili watu waende viwanjani, hasa kwenye timu ndogo. Mechi ambayo mkazi wa London haruhusiwi kuiona kwenye luninga yake, asije akakikimbia kiwanja cha mtaani kwake, mkazi wa Ilula ameiona kibandani, na kiwanja chake mwenyewe kimebaki na mbuzi. Tangu mwaka 2010 wana pia siku maalumu kila mwaka, iliyoanzishwa na shabiki mmoja wa kawaida, James Doe, ambapo mashabiki wa timu kubwa huombwa kwenda kuziona timu zisizo katika ligi za juu. Siku hiyo huchaguliwa katika wiki ambayo ligi zao mbili za juu hazichezi. Hawakupambana na wakubwa. Walisubiri wakubwa wapumzike.

Jambo hilo linawezekana kwetu bila sheria wala baraza. Mechi ikianza saa 9 kamili, itamalizika kabla ya saa 11, na mwenye kibanda hatapoteza mteja hata mmoja. Nimewaambia vijana wa hapa hivyo, wakaniambia saa 9 jua ni kali. Nikawauliza miti iliyokuwa pembezoni mwa kiwanja ilikatwa na nani.

Sababu ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni majina. Kibandani kila mchezaji ana jina, ana historia, ana kisa cha wiki iliyopita. Kwetu majina yamepotea. Zamani mji ulikuwa mdogo na kila mmoja alimjua golikipa ni mtoto wa nani. Siku hizi Ilula imepanuka kwa biashara ya nyanya na vitunguu. Wapakiaji wa matenga, wafanyabiashara na wapangaji wametoka kila mahali, na vijana 22 uwanjani ni wageni kwa nusu ya watu wanaopita barabarani. Nani asimame juani kuwatazama watu asiowajua? Ndiyo maana mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, kila yanapofanyika, huvuta wazazi hata wasiojua kanuni moja ya mpira: wamemfuata mtoto wao.

Waliolielewa jambo hili ni watu wa Dar es Salaam walioanzisha Ndondo Cup mwaka 2014. Mpira wao ulikuwa ule ule wa mchangani, wenye vumbi lile lile. Walichoongeza ni maneno: wiki nzima redio ilizungumza habari za timu za mitaa na mashabiki wake, hadi siku ya mechi watu wakawa wanakwenda kuona mwisho wa hadithi. Mbeya City nayo, timu ya halmashauri ya jiji, ilipoingia Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza, iliwajaza watu Uwanja wa Sokoine na mabasi ya mashabiki wakaifuata mikoani, kwa sababu Mbeya nzima iliona kwamba hawa ni wetu. Lipuli ya Iringa ilitupa furaha kama hiyo kwa miaka michache. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2017, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikashuka mwaka 2020. Wengi waliokuwa wakipanda gari kwenda Samora hawakurudi kwenye viwanja vya vijijini kwao. Walirudi kibandani.

Kipaza sauti kimoja, na mtu mwenye ulimi mwepesi wa kutaja majina, kwa Kiswahili na kwa Kihehe, kingefanya kazi kubwa kuliko kombe. Na mpira wa pete uchezwe kwanza. Mechi ya wasichana saa 8 huleta dada, mama na shangazi, na hao wakishaketi hawaondoki. Tulikuwa tukifanya hivyo chuoni tulipowafunza walimu, na sikuona hata siku moja kiwanja kikiwa kitupu.

Kuhusu makombe ya wanasiasa nitasema kidogo. Huja karibu na uchaguzi, yakiwa na ng'ombe na jezi mpya, watu wakajaa, na mwaka unaofuata hakuna hata nyavu. Hayajengi desturi.

Kuna anayeweza kuuliza, kwani watu wasipokuja kuna hasara gani? Vijana si watacheza tu? Jibu langu ni ardhi. Kiwanja cha mpira machoni pa mwenye tamaa ni eneo tupu. Kile kilichofyekwa wakati wa operesheni mara nyingi hakina hati, kinatambuliwa tu kwa sababu watu wote wanajua ni cha nani. Watu 500 wakisimama pembezoni mwake kila Jumapili, hakuna atakayethubutu kupima kona yake. Wakibaki 20, ataanza mmoja kwa kuegesha matenga ya nyanya nyuma ya goli, mwingine atajenga kibanda cha muda, na baada ya miaka mitatu utaambiwa ana risiti. Nimeyaona hayo katika miji zaidi ya mmoja ya barabara hii. Vijiji vinavyotuzunguka vina nafasi nzuri kuliko sisi wa mjini, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiandika. Inatakiwa mkutano mkuu wa kijiji ukubali, na mkutano hukubali upesi zaidi ikiwa wajumbe wake walikuwa kiwanjani Jumapili iliyopita.

Kiwanja ninachokizungumzia hapa kwetu nimekipima kwa hatua zangu mwenyewe, kutoka goli hadi goli. Ni hatua 118. Nimeiandika hesabu hiyo na kumkabidhi mwenyekiti wa kitongoji pamoja na ratiba ya mechi sita za kiangazi kijacho, zote za saa 9 kamili.