Baiskeli na Mteremko katika Nyanda za Kati

Waandishi wa tarehe ya baiskeli ya mlimani wanakubaliana juu ya siku ya kuzaliwa kwa mchezo wake, jambo ambalo ni nadra kwa wanatarehe. Siku hiyo ni Oktoba 21, 1976, ambapo vijana wachache walikusanyika juu ya njia ya vumbi iliyochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto, karibu na mji wa Fairfax katika wilaya ya Marin, California, wakateremka mmoja baada ya mmoja huku kila mtu akipimwa kwa saa. Njia ile ilikuwa na urefu wa maili mbili na kidogo, na mshuko wake ulikuwa kiasi cha futi 1,300. Alan Bonds alishinda siku hiyo. Mashindano yaliendelea kwa vipindi hata mwaka 1984, na muda bora kupita yote ukawa wa Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni vyombo walivyotumia. Havikuwa vipya. Vilikuwa baiskeli za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye matairi manene, na breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ikikamatwa kwa kurudisha pedeli nyuma. Katika mteremko mkali kitovu hicho kilipata moto hata grisi ikaungua na kutoa moshi, na ilimlazimu mwenye chombo kukifungua na kukijaza grisi upya. Ndiyo maana mbio zile zikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Kwa hiyo mbio za mwanzo za mchezo unaosifiwa leo kwa kasi zilipewa jina lao na taabu ya kusimama.

Mwanafunzi wa Dodoma asomapo habari hizi hana budi kutambua ndani yake jambo analolijua kwao: chombo kikuukuu, kilichoundwa kwa ardhi nyingine, kikilazimishwa kushuka mahali ambapo muundaji wake hakupata kupaota. Wageni hudhani kwamba nyanda za kati ni tambarare tupu. Mji wa Dodoma umekaa juu ya mwinuko wa mita 1,100 hivi, na kandokando ya nyanda hizo ardhi huvunjika: kwenye milima ya Mpwapwa, kwenye makorongo ya Kondoa Irangi, na hasa magharibi ya Bahi, ambako ukuta wa Bonde la Ufa husimama mbele ya msafiri na reli huupanda kwa shida karibu na Saranda. Kilimatinde iko juu ya ukuta huo. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na mizigo ya masafa marefu ikawatoka wapagazi. Lakini kati ya stesheni na kijiji mzigo ulibaki kichwani mwa mtu au mgongoni mwa punda, mpaka baiskeli ilipokuja kuurithi.

Baiskeli iliyokuja ilikuwa Raleigh ya Nottingham na jamaa zake, kisha Phoenix ya China. Ilikuwa na magurudumu ya inchi 28, kiti cha kukaa wima, na breki za fito za chuma. Kwa barabara za Uingereza ilikuwa chombo cha adabu. Kwa Ugogo ilikuwa rasimu tu, na fundi wa kijijini ndiye aliyeikamilisha. Karia ya kiwandani, iliyofaa kubeba kifurushi, iling'olewa ikawekwa nyingine ya nondo, yenye miguu iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma ili uzito usivunje fremu. Uma wa mbele ukaongezewa vyuma vya kuukaza. Miiba ya migunga, adui mkubwa wa mpira katika nchi ile, ikazuiwa kwa kuvika tairi kuukuu ndani ya tairi jipya. Mpanda baiskeli wa mashindano leo hupunguza upepo ili tairi lishike ardhi. Mchukuzi wa Ugogo hakuweza kufanya hivyo, kwa kuwa tairi laini chini ya magunia mawili ya mkaa hupasuka kwenye jiwe la kwanza.

Juu ya breki kuna mengi zaidi ya kusema. Breki ya fito hubana ukingo wa gurudumu, na kwa kuwa ukingo ni mpana na upo hewani, moto wake hupotea upesi. Haichomi grisi kama ile ya Marin. Ila chuma kikilowa, mpira huteleza. Katika nchi ambayo mvua huanza kwa desta mwezi Desemba na kukoma Aprili, breki hiyo ilikuwa amini kwa zaidi ya nusu ya mwaka, kisha ikawa mhaini. Mipira yake ilipokwisha, mguu ulishika kazi: soli ya katambuga ilibanwa juu ya tairi. Ni ajabu ndogo kwamba kiatu kilichokatwa katika tairi kilirudi kulizuia tairi. Na mteremko ulipozidi, mtu alishuka, akatembea kando ya chombo chake akikivuta nyuma kwa mwili wote. Mzigo uliokuwa juu ya gurudumu la nyuma ulimsaidia kwa njia moja, maana uliligandamiza chini lisiruke wakati wa kubana breki. Lakini ulimsukuma pia, na gunia halina masikio ya kuambiwa polepole.

Hapa mwalimu wa lugha aruhusiwe neno moja. Majina ya viungo vya chombo hiki yana tarehe yake. Breki, pedeli, spoki na pancha ni maneno ya Kiingereza yaliyofuatana na bidhaa. Lakini mkono wa kuongozea uliitwa usukani, neno la mabaharia, lililotoka pwani likapanda hata Ugogo, nchi isiyo na jahazi wala maji ya kuliendesha. Mnyororo, uma na kiti navyo vilikuwa tayari nyumbani kabla ya baiskeli kubisha hodi. Wasemaji hawakungoja kamati iwaundie istilahi.

Yamkini mtu atauliza: ikiwa taabu ilikuwa moja, mbona Marin pakazaliwa mchezo na Kilimatinde hapakuzaliwa? Wako wanaojibu kwamba huku hapakuwa na ubunifu. Jibu hilo silikubali, na karia ya nondo inalikanusha. Tofauti ilikuwa mzigo. Kijana wa Marin alishuka mikono mitupu. Akianguka, alipoteza ngozi ya goti na sekunde kadhaa. Mchukuzi akianguka alipoteza mkaa, uma, na pengine karo ya mtoto. Mmoja alitafuta breki ili athubutu kwenda mbio zaidi, mwingine alitafuta breki ili afike. Tena yule wa kwanza alikuwa na soko nyuma yake: Fisher na Charles Kelly walianza kuuza baiskeli za namna hiyo mwaka 1979, kwa fremu zilizoundwa na Tom Ritchey, na mwaka 1990 yakafanyika mashindano ya dunia mjini Durango, Colorado, mbio za kuteremka zikiwa miongoni mwake.

Kwamba mzigo na mchezo vyaweza kukutana, jirani zetu wametuonyesha. Mashariki ya Kongo wachukuzi huteremka kutoka Kibumba hadi Goma juu ya chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, kilichojaa viazi na makaa, na breki yake ni kipande cha mpira kikanyagwacho kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Msomaji ataikumbuka katambuga. Rwanda nayo ilikuwa na baiskeli za mbao, na huko alifika Ritchey yule yule mwaka 2005. Mwaka uliofuata yeye na Jonathan Boyer wakaandaa mashindano ambamo vyombo vya mbao vya wachukuzi vilishindanishwa mbele ya watu. Mwaka 2012 Mnyarwanda Adrien Niyonshuti aliingia mbio za baiskeli za mlimani katika Olimpiki ya London, akazimaliza akiwa wa 39.

Katika nyanda za kati pikipiki zimekwisha kutwaa sehemu kubwa ya mizigo ile. Fundi aliyejifunza kazi yake katika miaka ya 1960 sasa amepita umri wa miaka sabini. Habari za Repack ziliandikwa na washindani wenyewe, pamoja na muda wa kila mmoja kwa dakika na sekunde. Za fundi huyu ziko kinywani mwake: nondo ya unene gani ilifaa, uma ulikazwa wapi, na ni kona ipi ya mteremko wa Kilimatinde ambapo mtu mwenye magunia mawili alikuwa hana budi kushuka.