Tarehe ya Mafundi wa Mashine za Vyombo, Tangu Bandarini Hata Gerezani

Wanaoandika habari za bandari ya Dar es Salaam aghalabu huanza na masultani na magavana, wakafuatisha majina ya merikebu, kisha wakaishia na hesabu za shehena. Na msomaji akivifunua vitabu vyao mpaka ukurasa wa mwisho hamwoni hata mara moja yule aliyekuwa akiinama juu ya mashine, mikono imezama katika mafuta, ili merikebu hiyo iliyotajwa kwa taadhima ipate kung'oa nanga. Naona upungufu huu si mdogo, kwa kuwa mji huu, tangu ulipoacha kuutegemea upepo, umeishi kwa kazi ya mafundi, na mafundi hao wana nasaba yao, ya mwalimu na mwanafunzi, iliyoanzia ukingoni mwa maji, ikapita katika karakana, na ikafika katika vichochoro vya Gerezani na Kariakoo, mahali ambapo mtu akisimama haioni bahari.

Sayyid Majid bin Said alipoanza kuujenga mji kando ya Mzizima katika miaka ya 1860, ufundi wa vyombo ulikuwa ni wa mbao, kamba na tanga. Fundi wa jahazi aliujua mkuku na mataruma, alijua kukalafati kwa pamba na kupaka sifa, na mlango wa bandari, ulio mwembamba na wenye kupinda, ulimlazimu nahodha kungojea upepo na maji kabla ya kuingia. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoyahamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walikuja na merikebu za moshi, na merikebu ya moshi haitengenezwi kwa shoka na tezo. Wakajenga karakana ya vyuma na kuleta chelezo cha kuelea, ambacho chombo kilipandishwa juu yake kikakauka, hata fundi akaweza kuizunguka rafadha kwa miguu yake. Nalitaja hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu mwaka 2023 kivuko cha MV Magogoni, chenye kuvusha watu 2,000 na magari 60 kwa safari moja kwenda Kigamboni, kilipohitaji matengenezo makubwa, ilibidi kipelekwe Mombasa.

Chelezo kile hakikudumu. Vita vilipozuka mwezi wa Agosti 1914, Wadachi wenyewe walikizamisha katika mlango wa bandari ili kuwazuia Waingereza wasiingie. Walakini karakana zilibaki, na punde zikapata kazi ambayo kwa rai yangu yastahili kukumbukwa kuliko mapigano mengi ya vita vile. Manowari ya Königsberg, iliyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika maji ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilivunjikiwa na kiungo cha mashine yake, ikajificha katika delta ya Rufiji pasipo uwezo wa kwenda mbali; basi vyuma vilivyovunjika vikatolewa, vikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu zaidi ya kilomita 100 hata Dar es Salaam, vikatengenezwa hapa mjini, na vikarudishwa kwa njia ile ile. Jina la kapteni wa manowari ile limo katika kila kitabu cha vita. Majina ya waliokokota vyuma, na ya waliovishika vikiwa vyekundu kwa moto, hayamo katika vitabu nilivyovisoma. Manowari yenyewe iliangamizwa mtoni tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake ikaopolewa na kuletwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu ili ipigane barani.

Na iko kazi nyingine ya zama hizo ambayo kila fundi wa mashine za vyombo angepaswa kuihadithia wanafunzi wake. Merikebu ya Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, yakashushwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imefika huko mwaka 1914. Majeshi ya maadui yalipokaribia Kigoma katika Julai 1916 mafundi waliamriwa kuizamisha, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mashine yake grisi nene kila mahali, kwa kuwa walikusudia siku moja wairudie. Hawakuirudia wao; Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaikuta mashine bado yafaa, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba. Miaka karibu minane chini ya maji, na kilichoiokoa ni mtu aliyepewa amri ya kuharibu, naye akaitii amri pamoja na kuitunza mashine.

Enzi ya Waingereza naipitia kwa haraka. Hadi gati za maji marefu zilipofunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, na shehena ikashushwa katika matishali yaliyokokotwa na vyombo vidogo vya mashine. Kila tishali lililokwama lilisimamisha makuli kwa mamia, na kwa hivyo fundi alikuwa mtu wa kutafutwa usiku na mchana. Cheo na mshahara vilipangwa kwa rangi: msimamizi alikuwa Mzungu, aliyeshika spana alikuwa Mhindi, na Mwafrika alikuwa msaidizi wa kubeba na kusafisha. Walakini macho hayakukatazwa kutazama, na katika wasaidizi hao walitoka watu walioweza kuifumua mashine nzima na kuirudisha pasipo kusoma hata ukurasa mmoja wa kitabu chake.

Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya mji kutekwa mwaka 1916, na ambapo soko la sasa, lililobuniwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, pamekuwa mahali pa kila biashara; na Gerezani, iliyo kati yake na bandari na stesheni ya reli, ikawa makao ya wafua vyuma, wachomeleaji na wakereza. Mashine za kupachika, yaani zile zinazofungwa tezini na kuteremsha rafadha majini, zilipoenea kwa wavuvi, safari ya kuzitibu ikawa ni kuzifungua parafujo mbili, kuzibeba begani na kuzipandisha mkokoteni kwenda mjini. Ndipo ufundi wa baharini ulipohamia barabarani.

Karakana ya namna hii haina mengi: meza yenye jiliwa, tupa, seti ya spana, ngazi ya mbao ya kufungia mashine, na pipa la lita 200 lililojaa maji baridi ya bomba. Mashine iliyotengenezwa hutumbukizwa miguu pipani, ikavutwa kamba, na fundi haitazami rafadha wala hasikilizi kelele kwanza. Hutazama kitundu kidogo cha ubavuni, kama chatoa uzi wa maji au hakitoi. Maana mashine hii hupozwa kwa maji inayoyanyonya yenyewe kwa pampu yenye mapanga ya mpira, na mapanga hayo yakisagwa na mchanga wa maji mafupi, au mashine ikiwashwa nchi kavu hata kwa muda mchache, hukatika. Kisha maji ya chumvi yakipata moto kupita kiasi huacha utandu ndani ya njia zake, njia zikaziba, pistoni ikavimba na kukwama. Kwa sababu hii kila fundi humwambia mvuvi aisuuze mashine kwa maji ya bomba kila atokapo baharini, na kila mvuvi huitikia.

Maradhi mengine yana ujanja zaidi. Mshipi au uzi wa nyavu ukijisokota katika mhimili wa rafadha hukata sili, maji yakaingia katika gia, na fundi akifungua skrubu ya chini akaona oili imekuwa nyeupe anajua habari yote bila kuuliza. Mashine ndogo zina pini laini iliyowekwa makusudi ikatike rafadha inapogonga mwamba, ili gia isalimike. Mvuvi aliye mbali na pwani hutia msumari badala yake, akafika nyumbani salama, na juma lifuatalo gia yote ikavunjika. Fundi mwema hamtukani mvuvi huyo, kwa kuwa msumari ule ndio uliomrudisha kwa watoto wake. Humpa pini tatu za akiba na kumwonyesha mahali pa kuzifunga.

Mwanafunzi, ambaye mjini huitwa saidia fundi, huanza kwa kuosha vyuma na kuzijua spana kwa namba zake, nayo kazi hiyo huweza kumchukua miezi mingi kabla hajaruhusiwa kufungua kabureta. Katika miaka iliyofuata vita vya Uganda vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na spea haziletwi, elimu hii ilipata mtihani wake mkubwa: bushi zilikerezwa kwa shaba Gerezani, gesketi zikakatwa katika makaratasi magumu, rafadha zilizopinda zikanyooshwa kwa moto na nyundo. Kwa hakika nawastahi mafundi wa miaka ile kuliko wote, kwani walikuwa wakitengeneza hata kile ambacho muundaji mwenyewe angekitupa.

Biashara ilipofunguliwa, kuanzia mwaka 1984, ikaja taabu ya namna nyingine: maduka yakajaa spea, na nyingine zikawa za bandia, zenye kasha zuri na chuma dhaifu. Kisha ikaja petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hata mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, ikaanza kuyatia mafuta alama ya siri, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kukomesha uchakachuaji. Katika gari madhara yake huishia barabarani. Katika boti lenye mashine ya mipigo miwili, ambayo ulainisho wake wote ni oili iliyochanganywa katika petroli hiyo hiyo, aghalabu kwa kadiri ya lita 1 katika lita 50, mafuta mabaya huweza kuizima mashine katikati ya mkondo.

Sasa zimeingia mashine za mipigo minne, zenye oili yake peke yake na sanduku la umeme lililozibwa, ambalo maradhi yake husomwa kwa kompyuta. Vijana wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kilichopewa sheria yake mwaka 1991, wana hesabu na michoro ambayo wazee wa Gerezani hawakuipata. Wazee nao wana vidole vinavyotambua ringi iliyochakaa gizani. Ningependa pande hizi mbili zikae karakana moja, wala sijaona sababu ya kulizuia jambo hili. Wakati huo huo, katika soko la samaki la Feri, mvuvi anayekusudia kununua mashine mpya huuliza kwanza ni fundi gani mjini anayeifahamu, na akishajibiwa ndipo huuliza bei.