Mzuiliwa wa Vita

Tarehe 8 Mei 1942, katika mji wa Hayward, California, mpigapicha Dorothea Lange aliikuta familia moja ikisubiri basi. Wazazi na watoto wamevaa makoti ya safari, na kwenye makoti hayo vinaning'inia vikaratasi vyenye namba, kama lebo za masanduku yanayopelekwa bandarini. Maelezo ya serikali yaliyoambatanishwa na picha yanasema vikaratasi vile vilisaidia familia isitawanyike njiani. Yanaongeza kuwa mkuu wa familia alikuwa na kitalu cha maua chenye vitalu nyumba vitano kwenye ardhi ya ekari mbili. Kisha yanawaita watu hao kwa neno la Kiingereza ambalo kwa kawaida hutumiwa kwa waliookolewa kwenye mafuriko au moto: "evacuees", yaani waliohamishwa.

Hayward hapakuwa na mafuriko wala moto. Miezi mitano kabla, Japani ilikuwa imeshambulia Pearl Harbor, na tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin D. Roosevelt akatia saini Amri namba 9066, iliyowapa wakuu wa jeshi uwezo wa kumwondoa mtu yeyote katika maeneo watakayoyataja. Walioondolewa pwani ya magharibi ni watu wa asili ya Kijapani. Takriban 120,000 walipelekwa kambini, na theluthi mbili yao walikuwa Wamarekani kwa kuzaliwa. Hawakusomewa shitaka wala kupelekwa kwa hakimu kwanza. Mtu anayefungiwa wakati wa vita kwa sababu ya asili au utaifa wake, si kwa kosa alilolitenda, Kiingereza humwita "internee"; akiwa si mwanajeshi, ni "civilian internee". Anayeandika maelezo ya picha kama hii kwa Kiswahili anahitaji jina la mtu huyo, na majina yanayokuja haraka mdomoni ni ya watu wengine.

Mfungwa halifai. Mfungwa amehukumiwa, ana kifungo kinachohesabika. Mahabusu yuko karibu zaidi kwa kuwa bado hajahukumiwa, lakini mahabusu ana kesi: kuna jalada, kuna mwendesha mashitaka, kuna tarehe ya kurudi mahakamani. Mtoto wa miaka mitatu aliyefungiwa katika kambi ya Manzanar hakuwa na kesi. Mateka hutekwa vitani, au hushikwa ili wenzake wakubali sharti fulani. Mfungwa wa vita ni mwanajeshi aliyetekwa, na Mkataba wa Geneva wa 1929 ulimlinda yeye, ukawaacha nje wasio wanajeshi. Mkimbizi naye amekimbia. Wapoland wapatao 5,000 waliowekwa Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia 1942 walikuwa wakimbizi, ingawa na wao waliishi kambini. Wajerumani wa Tanganyika waliokamatwa Septemba 1939 vita vilipotangazwa hawakukimbia popote. Walifuatwa majumbani na mashambani mwao. Picha za makundi haya mawili zinaweza kufanana sana, Wazungu wako kambini katika nchi ile ile na vita vile vile, lakini maelezo yanayowapa jina moja yamepotosha habari zao wote.

Kinachobaki ni kizuizi, na hapa lugha yetu imeshafanya kazi kubwa. Kenya ilipowekwa katika Hali ya Hatari Oktoba 1952, maelfu ya watu walipelekwa Manyani, Hola na kambi nyingine bila kesi, na tangu hapo mtu akisema babu yake aliwekwa kizuizini hakuna anayeuliza alihukumiwa miaka mingapi. Tanganyika nayo ilipitisha mwaka 1962 sheria iliyompa rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mahakamani. Katika matumizi hayo neno limezoea kubeba maana ile hasa tunayoitafuta: kushikwa bila hukumu, kwa amri ya mkubwa. Kutokana na kitenzi zuiliwa tunapata mzuiliwa, kama tulivyopata mteuliwa na mshitakiwa. Kikwazo ni kimoja tu. Vyombo vya habari vya Kenya husema kila siku kuwa mshukiwa anazuiliwa katika kituo cha polisi, na huyo anasubiri kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo mzuiliwa peke yake hatoshi. Mzuiliwa wa vita anatosha, na anakaa vizuri kando ya mfungwa wa vita.

Sehemu ngumu zaidi ni ile ya "civilian". Mazoea ni kuandika raia. Lakini raia ni mtu asiye mwanajeshi, na pia ni mtu mwenye uraia wa nchi. Gazeti likiandika kuwa raia watatu wameuawa vitani, msomaji anaelewa maana ya kwanza, likiandika raia wa kigeni anaelewa ya pili. Kwenye maelezo ya picha hakuna nafasi ya kueleweka polepole. Tukiwaita watu wa Hayward "raia waliozuiliwa", je, tumesema hawakuwa wanajeshi, au tumesema serikali iliwafungia watu wake yenyewe? Wajerumani wa Tanganyika walikuwa raia kwa maana ya kwanza pekee. Watoto wa Manzanar walikuwa raia kwa maana zote mbili, na hiyo ya pili ndiyo kiini cha dhuluma waliyofanyiwa. Jeshi la Marekani lilijua uzito wa neno hilo, likalikwepa. Matangazo yaliyobandikwa mitaani mwaka 1942 yaliwaamuru watu wote wa asili ya Kijapani waondoke, wageni na "wasio wageni". Huyo asiye mgeni ni raia wa Marekani, ila hakuna aliyetaka kuliandika neno lenyewe kwenye tangazo la kumfukuza kwake.

Kwa sababu hiyo ningependa tuandike mzuiliwa wa vita asiye mwanajeshi pale utofauti unapohitajika, na neno raia tuliachie kazi ya uraia peke yake. Ni refu, nakubali. Wengine watapendekeza asiye askari kwa ufupi, lakini kwetu askari ni polisi, ni mlinzi wa getini, ni hata mwangalizi wa magari ya manispaa, kwa hiyo mwanajeshi ni salama zaidi.

Sheria ilichelewa kumpa mtu huyu kinga. Ni Mkataba wa Nne wa Geneva, wa 1949, uliomtungia kanuni. Kifungu cha 42 kinaruhusu kuzuiliwa pale tu usalama wa dola unapolazimu kabisa, na cha 43 kinataka uamuzi huo upitiwe upya angalau mara mbili kwa mwaka. Kifungu cha 27 kinataka wanaolindwa wakingwe dhidi ya matusi na dhidi ya kufanywa kitu cha kutazamwa na umma, jambo ambalo kila mtunza picha angepaswa kulikumbuka. Lakini mkataba huo kwa kawaida humlinda mtu aliyeangukia mikononi mwa dola isiyo yake. Ndiyo maana Marekani kwenyewe wengi wa wazao wa watu wa Manzanar wanalikataa neno "internee": kwa sheria lilikuwa la wageni walioshikwa na Wizara ya Sheria, kama wale wa Crystal City, Texas, na kuwaita hivyo wazazi wao waliozaliwa California ni kuwavua uraia mara ya pili. Neno mzuiliwa halina taabu hiyo, kwa kuwa halisemi lolote kuhusu nchi ya mtu. Anayeliona ni pole mno na atumie kitenzi kilicho wazi: walifungiwa. Asiseme tu walifungwa, maana kufungwa kunadokeza hukumu.

Picha zenyewe zina historia ya kuzuiliwa. Lange aliajiriwa na mamlaka ya serikali iliyosimamia kambi, akakatazwa kupiga picha za seng'enge, minara ya ulinzi na walinzi wenye bunduki. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifungiwa wakati wa vita, na baadhi ya nakala ziliandikwa kwa mkono kuwa zimezuiwa, kisha zikapelekwa kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani. Mpigapicha Ansel Adams alifika Manzanar kuanzia 1943 akapiga nyuso zenye tabasamu, mashamba ya mboga na milima ya Sierra Nevada nyuma yake. Alitaka Wamarekani wawaone majirani zao, na kwa shabaha hiyo alifaulu, lakini anayetazama picha zake peke yake hawezi kujua kuwa watu wale hawakuruhusiwa kutoka. Toyo Miyatake alikuwa mmoja wa waliofungiwa. Alikuwa na studio ya picha Los Angeles, akaingiza lenzi kwa siri, na kwa mbao za mabaki ikatengenezwa kamera. Baadaye alipopewa kibali, mwanzoni sharti lilikuwa kwamba aipange picha mwenyewe kisha Mzungu ndiye abonyeze. Moja ya picha zake inawaonyesha wavulana watatu wamesimama kwenye seng'enge, kitu kile kile ambacho Lange alikatazwa kukipiga.

Kwa hiyo anayeandaa maelezo ya Kiswahili asifute maelezo ya zamani. "Waliohamishwa" libaki, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na jina la ofisi iliyoliandika, kwa kuwa nalo ni ushahidi wa jinsi serikali ilivyotaka mambo yaonekane. Chini yake yaandikwe maelezo yetu: wazuiliwa wa vita, mahali, tarehe, mpigapicha. Tena mzuiliwa ni jina linalodai mtendaji. Msomaji akilikuta lazima aulize amezuiliwa na nani, na maelezo yamjibu: Jeshi, katika mabanda ya farasi ya uwanja wa mbio wa Santa Anita. Mamlaka ya kiraia ya serikali, Manzanar. Wizara ya Sheria, Crystal City.