Mbwa wa Mawindo Aliyeingia Nyumbani

Huenda kwenu, msomaji, mbwa hulala uani akilinda mlango. Katika nchi ya Hungaria yuko mbwa aitwaye vizsla, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya dhahabu iliyokolea, ambaye hupenda kukaa miguuni pa bwana wake. Kazi yake ya asili ni mawindo. Apatapo harufu ya kwale majanini, habweki wala haruki. Husimama kimya, aghalabu mguu mmoja ameuinua, na pua yake humwonyesha mwindaji mahali alipo ndege.

Vita viwili vikuu vilikaribia kuiangamiza mbegu hii. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 walibaki wachache, hata wawindaji wakawatafuta ili kuwazalisha upya. Kisha majeshi ya Kisovieti yalipoingia Hungaria mwaka 1944, watu wengi walikimbilia Austria. Baadhi yao waliacha nyumba na mashamba, lakini mbwa wao hawakukubali kuwaacha. Hivyo mbegu ikaenea ng'ambo, na mwaka 1960 chama cha American Kennel Club kikaitambua rasmi huko Marekani.

Leo vizsla wengi hulelewa nyumbani pamoja na watoto. Lakini usidhani kwamba wameisahau nyika. Asiyepata mbio za kutosha kila siku huweza kutafuna viatu. Aachwaye peke yake hulia. Basi, ukimchukua mnyama kuwa rafiki, kumbuka na kazi ya wazee wake, umpe nafasi ya kuifanya. Hiyo ni haki yake kwako.