Kuhariri, Kusanifisha, Kutunga Upya

Neno kuhariri tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Aliyehamisha mkato amehariri. Aliyefuta sura nzima amehariri. Aliyemgeuza mhusika mkaidi akawa mtiifu, ili kitabu kipate kuingia shuleni, naye eti amehariri. Mwandishi akilalamika huambiwa kwamba hakuna kazi isiyohaririwa, na kwa kuwa neno ni hilo hilo moja, hana pa kushika.

Tulilipokea kutoka Kiarabu. Huko, tahriri ni kuandaa maandishi, na pia ni kumpa mtumwa uhuru wake. Mswada nao umetoka katika mzizi wa weusi: karatasi iliyochafuka kwa wino, kabla ya nakala safi, ambayo Waarabu huiita kwa mzizi wa weupe. Nazipenda asili hizi. Zinanieleza mhariri ni nani: mtu anayeyafungulia maneno yaliyokwama, yatoke yakiwa yale yale.

Hadithi yangu moja ilikuwa na mama wa Lamu aliyesema mato na ndia. Iliporudi kutoka kwa mchapishaji, mama yule alikuwa anasema macho na njia. Niliambiwa imehaririwa kidogo tu. Lakini mama amenyang'anywa mji wake! Umri wake, ukoo wake, hata hasira yake, vyote vilikuwa katika matamshi yale. Katika shairi dhara kama hili huonekana papo hapo: mato yaliyopangwa kuwa na kina kimoja na moto, ukiyafanya macho, ubeti umevunjika. Nathari haina kina cha kumshtua msomaji, kwa hiyo hasara hupita bila mtu kujua.

Alichofanya mhariri yule kina jina lake, nalo ni kusanifisha. Kina historia pia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Kamati hiyo ilipitia miswada, ikarekebisha lugha yake na kutoa ithibati. Sipuuzi faida yake. Kitabu cha Dar es Salaam kinasomeka Kisumu. Lakini kitabu cha kiada kina haja zake, na mazungumzo ya mhusika wa riwaya yana zake.

Mafundi wa zamani walilainisha mbao kwa jani la msasa, ndiyo maana tunasema kupiga msasa. Jani lile huondoa vibanzi, na kigoda hubaki kigoda. Kazi ya namna hiyo naipokea kwa mikono miwili. Inayoniumiza ni ile ya kutunga upya inayokuja imevaa jina la kuhariri, kisha inachapishwa chini ya jina langu.

Maneno tunayo tayari, hatuhitaji kikao cha kuyabuni. Barua ya mhariri iseme: hapa tumesahihisha, mazungumzo haya tumeyasanifisha, sura ya nne tumeifupisha, mwisho tumeutunga upya. Nikisoma hivyo nitajua lipi nishukuru, lipi nikatae, na ni kwa lipi niombe jina langu liondolewe kwenye jalada.